Kerala ilivyovuta muda: kisa cha jimbo lililokabili korona kwa mkopo

Jimbo la Kerala liko kusini-magharibi mwa India, limebanwa kati ya Bahari ya Arabu na safu ya milima ya Western Ghats, na lina watu wapatao milioni 35 wanaoishi katika vijiji vilivyoshikana kiasi kwamba ni vigumu kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini India alipatikana huko, wilayani Thrissur, tarehe 30 Januari 2020. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyerejea kutoka Wuhan. Miezi mitatu baadaye jimbo lilikuwa na wagonjwa takribani 500 tangu mwanzo na vifo visivyofika vitano, na sifa zake zilikuwa zimeenea duniani. Mwezi Agosti 2021, jimbo hilohilo, lenye chini ya asilimia 3 ya watu wa India, lilikuwa likitoa zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya nchi nzima.

Waliolisifu mwanzoni na waliolicheka baadaye walikuwa wakitazama sera moja, kila mmoja akiwa upande wake. Kerala haikuuzuia ugonjwa. Iliuchelewesha, na iliuchelewesha kwa makusudi, ikijua kwamba kila mwezi uliopatikana ulikuwa na gharama yake. Kwa hiyo maswali ya maana katika kisa hiki ni mawili: muda uliopatikana ulitumika kufanya nini, na nani aliulipia.

Kabla ya kuingia katika matukio, ni lazima kueleza mipaka ya mamlaka ya serikali ya jimbo nchini India, kwa sababu bila hiyo maamuzi mengi yanaonekana ya ajabu. Kwa mujibu wa katiba, afya ni jukumu la jimbo. Lakini viwanja vya ndege vya kimataifa, sarafu, ununuzi wa chanjo katika miezi ya mwanzo na kiwango ambacho jimbo linaruhusiwa kukopa kwa mwaka, vyote viko mikononi mwa New Delhi, yaani Serikali Kuu. Tangu kodi ya pamoja ya bidhaa na huduma ilipoanza mwaka 2017, jimbo limebakiwa na vyanzo vichache tu linavyoweza kuvipandisha au kuvishusha lenyewe, vikubwa vikiwa kodi ya pombe, kodi ya mafuta ya magari na ada za usajili wa ardhi na vyombo vya moto. Kerala inaongeza juu yake bahati nasibu inayoendeshwa na serikali tangu mwaka 1967. Vyanzo vyote hivyo hutegemea watu kutoka nje ya nyumba zao. Serikali ya jimbo inapowaambia wananchi wabaki ndani, inafunga na sanduku lake la fedha siku hiyohiyo.

Kilichoiokoa Kerala mwanzoni hakikubuniwa mwaka 2020. Tangu mwaka 1996 jimbo lilikuwa limezipa halmashauri za vijiji, zinazoitwa panchayati, sehemu kubwa ya fedha za maendeleo pamoja na usimamizi wa vituo vya afya vya msingi. Mwaka 1998 ulianzishwa mtandao wa vikundi vya wanawake wa kuweka na kukopa unaoitwa Kudumbashree, ambao hadi korona inaingia ulikuwa na wanachama zaidi ya milioni 4, karibu katika kila mtaa. Mwaka 2017 serikali ya mrengo wa kushoto ya Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan ilianza kuvigeuza vituo vya msingi kuwa vituo vya afya ya familia, vyenye madaktari zaidi na saa ndefu za kazi. Kisha, mwezi Mei 2018, virusi vya Nipah vilizuka Kozhikode na Malappuram na kuua watu 17, na miezi mitatu baadaye mafuriko yakaua zaidi ya watu 400. Waziri wa Afya K. K. Shailaja na wataalamu wake walitoka katika mwaka huo wakiwa wamekwishazoea kutenga wagonjwa, kuwasaka waliokutana nao na kuzika kwa tahadhari. Ndiyo maana chumba cha kuratibu korona kilifunguliwa Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo, tarehe 24 Januari, siku sita kabla mgonjwa wa kwanza hajathibitishwa.

Jaribio la kweli lilikuja mwezi Machi. Familia ya watu watatu ilitua Kochi tarehe 29 Februari ikitoka Italia kupitia Doha, ikaenda kwao wilayani Pathanamthitta bila kujitambulisha kwa maofisa wa afya, na kwa takribani wiki moja ikatembelea ndugu, benki, maduka na ofisi. Ilipothibitishwa tarehe 8 Machi kwamba wanaugua, timu za wilaya zilikaa nao na kuandika safari zao saa kwa saa, kisha zikachapisha ramani ya njia: basi gani, duka gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, bila kutaja majina, na kumtaka yeyote aliyekuwapo apige simu. Mamia ya watu walipatikana kwa njia hiyo na kuwekwa karantini. Wazee wa nyumba ile, mume wa miaka 93 na mkewe wa miaka 88, walilazwa katika hospitali ya chuo cha tiba cha Kottayam na kuruhusiwa kurudi nyumbani mwanzoni mwa Aprili wakiwa wamepona. Habari yao ilisambaa India nzima, na kwa haki, ingawa kwa mchambuzi ile ramani ina uzito zaidi kuliko kupona kwao, kwa kuwa kupona kwa mtu wa miaka 93 kuna bahati ndani yake, ilhali ramani ilikuwa kazi ya mikono ya watu waliokwishaifanya kazi hiyo wakati wa Nipah.

Karantini ya Kerala ilikuwa ya siku 28 wakati mwongozo wa taifa ulikuwa siku 14. Waliotengwa wengi walibaki majumbani mwao, wakipigiwa simu kila siku, wakiletewa chakula na dawa na kamati za mtaa, na majirani wakiwa macho, jambo ambalo lilisaidia na pia lilidhalilisha, kulingana na jirani mwenyewe. Kila jioni Waziri Kiongozi alikaa mbele ya kamera na kusoma takwimu za siku wilaya kwa wilaya kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na watu wakapanga chakula cha jioni kufuatana naye.

Tarehe 19 Machi 2020, siku tano kabla ya Waziri Mkuu Narendra Modi kutangaza kufungwa kwa nchi nzima na wiki moja kabla ya New Delhi kutangaza msaada wake, Kerala ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya rupia bilioni 200. Kwa jimbo lenye nakisi ya kudumu, tangazo hilo liliwashangaza wengi, na linastahili kufunguliwa kifungu kwa kifungu. Rupia bilioni 20 zilikuwa mikopo kwa familia kupitia vikundi vya Kudumbashree, yaani fedha za benki, serikali ikibeba riba. Rupia bilioni 20 nyingine zilikuwa za kazi za vijijini chini ya mpango wa taifa wa dhamana ya ajira, zilizopangwa kutolewa kwa mkupuo mwezi Aprili na Mei. Rupia bilioni 13.2 zilikuwa pensheni za ustawi wa jamii za miezi miwili kulipwa kwa pamoja. Kaya maskini zisizo na mtu mwenye pensheni zilitengewa rupia bilioni 1, ili kila moja ipate rupia 1,000; nafaka za bure zilitengewa kiasi kama hicho; migahawa ya mlo wa rupia 20 ilipata rupia milioni 500, na sekta ya afya rupia bilioni 5. Vilivyobaki, takribani rupia bilioni 140, yaani asilimia 70 ya mpango wote, vilikuwa malipo ya madeni ambayo serikali ilikuwa ikidaiwa tayari na wakandarasi, wazabuni na wengineo.

Upinzani uliona hapo kiini macho, kwamba serikali inalipa madeni yake ya zamani na kuyaita msaada. Hoja hiyo ina ukweli na haipaswi kufunikwa. Anayesimulia kisa cha Kerala kwa kutaja bilioni 200 bila kutaja bilioni 140 anapotosha. Hata hivyo, kiuchumi sehemu hiyo ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Mkandarasi anayedai serikali naye anadaiwa na mwenye kokoto, fundi na vibarua, kwa hiyo rupia moja iliyolipwa kwake ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kupita mikono minne kabla ya mwezi kwisha, na haikuhitaji orodha mpya ya wanufaika wala fomu wala kamati. Dawa ya deni ni kulipa, na wakati wa kulipa ulikuwa ule ambao mdai alikuwa hana pengine pa kushika. Kasoro ilikuwa upande wa mapato. Fedha hizo hazikuwapo. Waziri wa Fedha Thomas Isaac, ambaye ni mchumi kwa taaluma, alikusudia kukopa mapema, akitumia mwezi Aprili sehemu kubwa ya kiwango cha mwaka mzima, na soko lilimtoza kwa haraka hiyo: mnada wa hati fungani wa mwanzoni mwa Aprili uliifanya Kerala ikubali riba iliyokaribia asilimia 9 kwa hati za miaka 15.

Msaada ulipofika mlangoni ulikuwa na sura inayoonekana. Pensheni zilipelekwa majumbani na wafanyakazi wa benki za ushirika waliovaa barakoa, na mzee aliweka sahihi au alama ya kidole akiwa kibarazani kwake. Familia zote zenye kadi ya mgawo, takribani milioni 8.7, ziliandaliwa mfuko wa bure wenye vitu 17: sukari, chumvi, chai, mafuta ya kupikia, dengu, choroko, pilipili, sabuni na kadhalika, ugawaji ukianza na wenye kadi za njano ambao ndio maskini zaidi, kisha wa pinki, kisha wa buluu na mwisho wa nyeupe. Uamuzi wa kuwapa hata wenye kadi nyeupe, ambao baadhi yao wana magari mawili, ulizua ubishi. Utetezi wake ni rahisi: mwezi Aprili 2020 hapakuwa na orodha yoyote iliyoweza kuonyesha ni nani aliyekuwa amepoteza kipato wiki iliyopita. Mifuko iliendelea kugawiwa hadi mwaka uliofuata, na kadiri uchaguzi ulivyokaribia upinzani ulilalamika kwamba imegeuka kampeni. Hapo upinzani haukuwa mbali na ukweli.

Halmashauri 941 za vijiji, pamoja na miji, zilifungua majiko ya jamii zaidi ya elfu moja ndani ya siku chache, mengi yakiendeshwa na wanawake wa Kudumbashree, na chakula kikafungwa katika majani ya mgomba na kupelekwa kwa walio karantini na wasio na pa kupikia. Hapa ndipo lilipojitokeza suala la wafanyakazi kutoka majimbo mengine, ambao lugha rasmi ya Kerala huwaita wafanyakazi wageni: watu wa Bengal Magharibi, Assam, Bihar na Odisha wanaojenga nyumba, kupasua mbao na kuosha vyombo hotelini. Wengi wao hawakuzoea wali na mchuzi wa sambar waliokuwa wakiletewa. Walitaka chapati, na baada ya malalamiko serikali iliagiza unga wa ngano, dengu na viazi, mahali pengine wakipewa wapike wenyewe. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mtu aliyefungiwa chumba kimoja na wenzake wanane, asiyejua lini ataona watoto wake, hupima kwa sahani kama serikali inamtambua.

Sahani haikutosha. Tarehe 29 Machi, huko Payippad wilayani Kottayam, mamia ya wafanyakazi hao waliingia barabarani wakidai usafiri wa kurudi makwao, na serikali ikalaumu uchochezi badala ya kukiri kwamba walichotaka ni kwenda nyumbani. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Aprili zaidi ya nusu ya kambi zote za aina hiyo zilizoendeshwa na serikali nchini India zilikuwa Kerala, na kwamba misururu ya watu waliotembea mamia ya kilomita kwa miguu, iliyoonekana kaskazini, haikuonekana huko kwa kiwango hicho. Lakini mtu kulishwa vizuri akiwa amezuiwa bado amezuiwa.

Wakati huo sanduku la jimbo lilikuwa likikauka. Bahati nasibu ilisimamishwa, na wauzaji wa tiketi, wengi wao wazee na watu wenye ulemavu, wakabaki bila kazi. Maduka ya pombe, ambayo ni ya serikali na ni chanzo kikubwa cha mapato, yalifungwa mwishoni mwa Machi. Baada ya watu kadhaa waliokuwa na uraibu kujiua, serikali ilitoa agizo la ajabu la kuruhusu pombe kwa cheti cha daktari. Madaktari waliligomea, na Mahakama Kuu ya Kerala ikalisimamisha tarehe 2 Aprili, ikiuliza kwa haki kitabu gani cha tiba kinachoagiza hivyo. Maduka yalifunguliwa mwishoni mwa Mei kwa programu ya simu ya kupanga foleni, ambayo siku ya kwanza ilizidiwa na wingi wa wateja. Katika mishahara nako serikali iliamua kuahirisha malipo ya siku 6 kila mwezi kwa miezi mitano kwa watumishi wake. Baadhi ya walimu walichoma nakala za agizo, Mahakama Kuu ikalizuia tarehe 28 Aprili kwa kuwa halikuwa na msingi wa kisheria, na serikali ikatunga sheria ya dharura ndani ya siku mbili ili kuupata msingi huo. Ilikopa, basi, kwa soko na kwa watumishi wake pia, na hawa wa pili hawakuulizwa.

Mwezi Mei 2020 New Delhi ilipandisha ukomo wa mikopo ya majimbo kutoka asilimia 3 hadi 5 ya pato la jimbo, lakini nusu asilimia tu ndiyo iliyotolewa bila masharti; iliyobaki ilifungwa kwenye mageuzi ya kadi za mgawo, umeme, mazingira ya biashara na kodi za miji. Isaac alilalamika kwamba jimbo linadaiwa mageuzi katikati ya maafa. Mtu anaweza kuyaunga mkono mageuzi hayo na bado akaona kwamba wakati uliochaguliwa ulikuwa wa kumbana aliyebanwa.

Tarehe 7 Mei ndege za kwanza za kuwarudisha raia zilitua Kochi na Kozhikode zikitokea Abu Dhabi na Dubai. Msomaji aliyewahi kuishi Maskati au Dubai hahitaji kuelezwa Wamalayali, yaani watu wa Kerala, ni akina nani. Ndio wauzaji wa duka la kona, wauguzi na wahasibu wa nusu ya ofisi anazozijua. Utafiti wa uhamiaji wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu milioni 2.1 wa Kerala wanaishi nje, takribani tisa kati ya kila kumi wakiwa Ghuba, na kwamba walituma nyumbani rupia bilioni 850 kwa mwaka. Zaidi ya milioni moja walirejea katika miezi iliyofuata. Serikali iliyokuwa imewaita nguzo ya uchumi ilitangaza mwishoni mwa Mei kwamba warejeao watajilipia karantini, ikarudi nyuma kwa upande wa maskini baada ya makelele, kisha mwezi Juni ikadai wapimwe kabla ya kupanda ndege katika nchi ambako kipimo kilikuwa ghali, na hapo pia ikalegeza. Waliokwama nyumbani huku visa zao zikiisha walipewa rupia 5,000 mara moja. Kwa watu waliojenga nusu ya nyumba za jimbo, hicho kilikuwa kiasi cha aibu.

Mwezi Julai maambukizi yalilipuka Poonthura, kijiji cha wavuvi pembezoni mwa Thiruvananthapuram, ambako nyumba hugusana na soko la samaki ndilo uwanja wa kijiji. Serikali, ambayo hadi hapo ilikuwa imetumia simu na ramani, ilipeleka makomandoo wa polisi. Siku chache baadaye wakazi walitoka nje kupinga wakilalamikia chakula na matibabu, na tarehe 17 Julai Waziri Kiongozi akakubali hadharani kwamba Poonthura na Pulluvila kuna maambukizi ya jamii, jambo ambalo New Delhi ilikuwa ikilikana kwa nchi nzima. Ukweli huo ni wa kupongezwa. Makomandoo si wa kupongezwa, na kwamba walipelekwa kwa wavuvi, si kwa familia za Pathanamthitta, ni jambo ambalo wavuvi wenyewe waliliona kabla ya wachambuzi. Katika kipindi hichohicho polisi walianza kukusanya kumbukumbu za simu za wagonjwa, na kabla ya hapo, mwezi Aprili, mkataba wa data na kampuni ya Marekani ya Sprinklr ulikuwa umefikishwa Mahakama Kuu, ambayo iliagiza majina yafichwe na ridhaa iombwe. Imani iliyojengwa na takwimu za kila jioni ilianza kupungua.

Oktoba 2020 wagonjwa wapya walipita 10,000 kwa siku. Muda ulikuwa umevutwa kwa miezi minane, na hapa ndipo swali la kwanza linapopata jibu lake zuri zaidi. Tangu Machi 2020 maofisa wa jimbo, pamoja na mamlaka ya taifa inayosimamia mitungi ya gesi, walikuwa wakifuatilia uzalishaji na akiba ya oksijeni ya hospitali. Wimbi la Delta lilipofika Aprili 2021 na wagonjwa wakafa Delhi kwa kukosa hewa, Kerala ilikuwa na uwezo wa kuzalisha takribani tani 200 kwa siku huku mahitaji yake katikati ya mwezi huo yakiwa chini ya tani 100, na ikawapelekea majirani Tamil Nadu na Karnataka. Tarehe 12 Mei, siku ya kilele, ilipata wagonjwa wapya 43,529, karibu watu watatu kati ya kila kumi waliopimwa, na bado hapakuwa na picha za watu wanaokufa milangoni mwa hospitali.

Chanjo inaonyesha nidhamu hiyohiyo kwa karibu zaidi. Kichupa cha dozi kumi huwekwa na kiwanda ziada kidogo ya kufidia upotevu. Wauguzi wa Kerala walivuta dawa kwa uangalifu, wakapanga watu kumikumi ili kichupa kisifunguliwe bure, na mara nyingi wakapata dozi ya kumi na moja. Mwanzoni mwa Mei 2021 jimbo lilikuwa limepokea dozi 7,338,806 na kuchoma 7,426,164. Modi mwenyewe, ambaye chama chake hakina mapenzi na serikali ile, aliwasifu wauguzi hao.

Hospitali binafsi zilikuwa upande mwingine. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisomewa ankara ambamo mgonjwa alitozwa zaidi ya rupia 1,300 kwa uji wa mchele, na serikali ikaweka ukomo wa bei za vitanda. Ukomo huo ungeweza kuwekwa mwaka mmoja kabla.

Wapiga kura walikuwa wamekwishatoa hukumu yao: tarehe 2 Mei muungano wa mrengo wa kushoto ulitangazwa mshindi wa viti 99 kati ya 140, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 40 kwa serikali ya Kerala kurudishwa madarakani. Shailaja alishinda jimbo lake la uchaguzi kwa tofauti ya zaidi ya kura 60,000, kisha akaachwa nje ya baraza jipya kwa hoja ya kuleta sura mpya. Sura mpya hazikumhusu Waziri Kiongozi.

Kisha wimbi la nchi lilishuka na la Kerala likagoma kushuka. Utafiti wa kingamwili wa Juni na Julai 2021 ulionyesha sababu: asilimia 67.6 ya Wahindi walikuwa na kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huunda baada ya kuugua au kuchanjwa, lakini Kerala ni asilimia 44.4 tu, kiwango cha chini kabisa kati ya majimbo yaliyopimwa. Waliookolewa na uchelewesho walikuwa bado hawajaugua, na kirusi kiliwakuta. Serikali nayo ilikosea kwa kulegeza masharti kwa siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja kwa shinikizo la wafanyabiashara waliokuwa wametishia kufungua kwa nguvu, na Mahakama ya Juu ya India ikaikemea kwa maneno makali. Lakini wafanyabiashara hao walikuwa na hoja: mpango wa Machi 2020 ulikuwa na kitu kwa mkandarasi, mzee wa pensheni na mwanakikundi, na karibu haukuwa na kitu kwa mwenye duka la nguo anayelipa pango.

Jambo lililonishughulisha zaidi katika kisa hiki ni hesabu ya vifo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kamati ya ngazi ya jimbo ndiyo iliyoamua ni kifo kipi kihesabiwe kuwa cha korona, na ilikata vingi. Mwezi Juni 2021, baada ya lawama, kazi hiyo ilihamishiwa wilayani. Mahakama ya Juu ilipoidhinisha fidia ya rupia 50,000 kwa kila familia, maombi yalimiminika na maelfu ya vifo vya nyuma vikaongezwa, hadi jumla rasmi ikapita 70,000, ya pili kwa ukubwa India baada ya Maharashtra. Usomaji wa haraka ungesema Kerala ilishindwa kuliko Bihar au Uttar Pradesh. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba vifo vya ziada nchini India kwa 2020 na 2021 vilifika milioni 4.7, karibu mara kumi ya takwimu rasmi. Kerala, ambako karibu kila kifo husajiliwa, haikuwa na mahali pa kuvificha vyake. Vifo vyote vilivyosajiliwa jimboni mwaka 2020 vilipungua kuliko mwaka uliotangulia, kwa kuwa ajali za barabarani na maradhi mengine ya kuambukiza vilipungua. Vya mwaka 2021 vilipanda sana. Uchelewesho unasomeka humo katika daftari la vifo.

Uchumi ulilipa zaidi. Mwaka wa fedha 2020–2021 pato la Kerala lilisinyaa kwa zaidi ya asilimia 8, vibaya kuliko wastani wa India, kama inavyotarajiwa kwa jimbo linaloishi kwa utalii, biashara na fedha za Ghuba. Sehemu ya Kerala katika fedha zinazotumwa India, iliyokuwa asilimia 19 mwaka 2016–2017, ilishuka hadi 10.2 katika mwaka huo wa korona, na Maharashtra ikachukua nafasi ya kwanza. Deni la jimbo lilipanda kutoka takribani theluthi moja ya pato lake hadi kukaribia asilimia 40. New Delhi, baada ya kulegeza ukomo wakati wa janga, ilianza kuukaza, ikihesabu humo hata mikopo ya mashirika ambayo jimbo liliyaunda ili kujenga hospitali na barabara na kulipia pensheni.

Pensheni ya ustawi ilikuwa imepandishwa hadi rupia 1,600 kwa mwezi mwaka 2021. Kufikia mwisho wa 2023 wazee walikuwa wakiidai miezi kadhaa, na mwezi Desemba mwaka huo Kerala iliishtaki Serikali Kuu mbele ya Mahakama ya Juu juu ya haki yake ya kukopa. Aprili 2024 mahakama ilikataa kuipa nafuu ya muda na kulipeleka shauri kwa jopo la majaji watano.